Tipoyi yetu na karte ya ngambo

Watu wakirudi kutoka Gisenyi huleta habari zile zile: kule ngambo balabala ni safi, umeme unawaka, mifuko ya plastiki imekatazwa tangu 2008. Sawa. Mimi nilipolala kule siku chache, mwaka 2006, jambo lililonishika moyo halikuwa balabala. Lilikuwa tipoyi.

Wasomaji wa Masisi na Walikale hawana haja ya kuelezwa tipoyi. Miti miwili, kamba, blanketi, wanaume wanne chini yake na wanne nyuma wa kupokezana. Mgonjwa akianguka huko mlimani, hakuna kuuliza ni wa ukoo gani. Anayekataa kubeba, siku yake ikifika atabebwa na nani?

Mimi mwenyewe nilimbeba shemeki wangu, mdogo wa bibi yangu, usiku wa mvua, mwendo wa saa saba. Alizaa kwa kupasuliwa, mama na mtoto wakapona. Kisha fakitire ikaja. Akazuiliwa palepale na mtoto wake siku kumi na tisa, mpaka tulipouza mbuzi tatu na prime yangu ya wazazi ikaisha yote. Watu wanane walimfikisha bila kudai hata franka moja. Kumtoa ndiko kulikotaka makuta.

Mwenyeji wangu wa Gisenyi, mwalimu kama mimi, alisikiliza, akasema: «Sisi pia tulikuwa na ingobyi, mwalimu. Sasa tuko na karte.» Ilikuwa karte ya mitiweli, iliyojaribiwa Kabgayi, Byumba na Kabutare mwaka 1999, halafu ikaenea nchi nzima. Kuanzia 2011 watu wengi walitozwa franka 3.000 za kwao kwa kila mtu kwa mwaka. Roho yake ni ile ile ya tipoyi, wazima wengi kumbeba mgonjwa mmoja, ila wao wanambeba mpaka kwenye dirisha la kulipia.

Sisemi kule ni paradiso. Niliona watu wakitazama mlango kwanza kabla ya kutaja serkali. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asiyekwenda anaweza kutozwa faini, na sisi tuliopiga salongo wakati wa Mobutu tunaijua kazi ya namna hiyo. Tena, kuisifu Rwanda mbele ya watu wa kwetu ni kazi ngumu, wala siwalaumu: mwezi wa tatu 2025 M23, ambao wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba wanasaidiwa na Rwanda, waliingia mpaka Walikale-centre.

Lakini umaskini si jibu. Kasiteriti ya Bisie ilipoanza kuchimbwa, ndege zilikuwa zikitua juu ya balabala pale Kilambo kuipeleka Goma. Jiwe lilipanda ndege, mwenye mimba akapanda tipoyi.

Mwaka 2009 tulijaribu kwetu: kila nyumba bakuli la maharagi kila mavuno, tuuze, tuwekee wagonjwa. Mzee mmoja alikataa kabisa. «Mukitia makuta ndani ya tipoyi, kesho hakuna atakayebeba bure.» Tulibishana naye barzani mpaka usiku, na hata leo sijui kama alikosea. Mavuno mawili, tukafika gunia sita. Kisha risasi zikalia, tukakimbia, gunia zikabaki. Daftari la majina ninalo bado.