Uani kwa Kina Mama

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Uani ndiko walikopika, wakafua na kusukana, na ndiko mzazi mchanga alikokandwa na kuelekezwa namna ya kumbeba mwanawe. Hapana aliyeuita ua ule darasa. Mama aliyezidiwa alinyang'anywa mtoto kwa mzaha, akaenda kulala. Naam, siri ya chumba cha tatu ilifika cha sita kabla ya adhuhuri. Ua haukuwa pepo.

Nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa, yakasimama maghorofa yenye maduka chini na bohari juu. Mama auzaye vitenge Mtaa wa Kongo huamka alfajiri huko Mbagala, husimama juani hadi magharibi, hurudi na miguu iliyovimba. Mtoto akimwaga uji, mkono hutangulia akili. Usiku hulia peke yake. Neno sonona limo katika Kiswahili, lakini sokoni husemwa tu kwamba fulani ana mawazo.

Kina mama wa hali hii ndio waitwao katika vikundi vya malezi. Mpango mmojawapo, uliotungwa na watafiti wa Afrika Kusini na Uingereza pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, uliletwa Tanzania kwa jina la Furaha. Wazazi huketi duara, huigiza magomvi ya nyumbani, hujifunza kusifu kabla ya kukaripia. Huko Eastern Cape ulijaribiwa kwa familia 552, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yana la kustaajabisha: walezi walisema dhiki ya nyoyo zao imepungua na kwamba wamepata watu wa kuwaegemea, ilhali vijana wao hawakuonyesha nafuu hiyo ya nafsi. Somo lilikuwa la mtoto. Aliyepata ahueni ni mama. Dar es Salaam nako, wajawazito wenye virusi vya UKIMWI waliwahi kukusanywa katika vikundi vya ushauri. Utafiti uliotoka mwaka 2013 ulikuta nafuu ya sonona, ila ndogo, si ya kuapia.

Yumkini dawa haimo katika kitabu cha mwezeshaji. Imo katika dakika ile mwenzako anapotamka kwamba naye jana alimpiga wake, kisha akajichukia. Lakini kuketi duarani kuna gharama. Saa nne asubuhi ni saa ya mteja, na kodi ya meza haisubiri. Isitoshe, mama aliyezama zaidi ndiye asiyefika. Na ajapo hunyamaza, kwani jirani yake wa sokoni yumo humo humo.

Wapangaji wa mikutano hii wangefanya vyema kuwatazama wanawake wa upatu. Hao hukutana bila kuitwa, hujuana nani hulipa na nani ana msiba, na mmoja wao asipoonekana siku mbili, hutumwa mtu kwake.