Kibanda cha Dirishani

Vijana wenzetu, meli ndogo ina adui ambaye meli kubwa haimjui, naye ni unene wa rangi. Sisi wa Kalemie tunaiunda Liemba kwa kipimo cha moja kwa mia mbili, ili meli yenye urefu wa mita 71 hivi itoshe juu ya meza kwa sentimita 36. Kwa kipimo hicho, tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na sentimita mbili za rangi juu ya meli halisi. Nani amewahi kuona meli iliyopakwa rangi nene kama tofali la udongo? Brashi huziba madirisha, humeza ngazi, na vichwa vya misumari tulivyovichonga kwa ncha ya sindano hupotea kabisa. Ndiyo sababu waundaji wa vitu vidogo hupuliza rangi badala ya kuipaka.

Tuliichagua Liemba kwa kuwa historia yake ni ya ziwa letu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5 000, ikaunganishwa upya Kigoma, ng'ambo yetu. Mwaka 1916, Wajerumani wenyewe waliizamisha baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina inaloitwa hata leo. Meli iliyolala chini ya maji kisha ikaamka haistahili kufunikwa kwa brashi ya kupakia ukuta.

Lakini rangi inayopulizwa haiendi yote penye meli. Sehemu kubwa hugeuka ukungu, hutanda chumbani, hutua juu ya vitanda, vyombo na nywele. Nyumba tunamofanyia kazi ina vyumba viwili, na katika kimoja hulala mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mama mwenye nyumba hakupiga kelele. Alisema tu kwamba siku harufu ile itakapofika kwenye kitanda cha mtoto, meli yetu itahamia barabarani, nasi pamoja nayo.

Tulimwendea baba mdogo wa mmoja wetu, ambaye kwa miaka mingi alipuliza rangi za magari katika gereji. Leo hawezi kupanda kilima cha sokoni pasipo kusimama mara tatu. Enzi zake, kinga ilikuwa leso iliyofungwa puani.

«Baba mdogo,» tulimwuliza, «harufu haikukuonya?»

«Wanangu, pua ndiyo ya kwanza kudanganya. Saa ya kwanza unasikia harufu. Saa ya pili husikii kitu, unadhani hewa imesafika, kumbe ni pua iliyochoka.»

Akatukataza katakata rangi za magari zinazochanganywa na kigumishi kabla ya kupulizwa, kwa sababu nyingi zina isosianati, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Hizo hazina nafasi nyumbani, hata ukiwa na kibanda kizuri namna gani. Akatufundisha pia kwamba barakoa ya karatasi huzuia vumbi na matone, lakini mvuke wa tina hupita kama vile hakuna kitu. Anayepuliza rangi ya tina anahitaji barakoa yenye vikopo vya makaa maalumu, ambayo bei yake inapita uwezo wetu. Basi tulichagua rangi za maji. Nazo si maziwa, ukungu wake usivutwe, ila mvuke wake ni mdogo kuliko ule wa tina.

Kibanda chenyewe ni sanduku la plaiwudi lililo wazi upande wa mbele. Uwazi wake una upana wa sentimita 45 na kimo cha 30, nafasi inayotosha meli na mikono miwili. Tungependa uwazi mkubwa zaidi, lakini hesabu ilikataa. Ili ukungu usirudi usoni, hewa iingie kibandani kwa mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde. Zidisha mwendo huo kwa eneo la uwazi, upate kama mita za ujazo 243 kwa saa. Kila sentimita unayoiongeza mbele utailipia kwa feni nyuma.

Feni tulizipata kwa fundi wa kompyuta anayeuza vipande vya mashine zilizokufa. Zilikuwa nne, kila moja na upana wa sentimita 12. Feni za namna ile husukuma takriban mita za ujazo 110 kwa saa zikiwa huru, kwa hiyo nne ni 440. Tulichukulia kwamba sponji ya kuchuja itakula nusu. Zikabaki 220, pungufu kidogo ya tulizotaka. Tuliridhika. Pamoja na mbao, sponji, nyaya na gundi, hatukufikisha faranga 50 000.

Hapa tusimame kidogo, maana kuna hatari ambayo wengi huiruka. Mota za kawaida za brashi hutoa cheche ndani, na mvuke wa tina ukikutana na cheche huwaka. Feni za kompyuta hazina brashi hizo, tena hutumia volti 12 tu, kwa hiyo bateri ya pikipiki inaziendesha hata umeme ukikatika. Hata hivyo hatukuzihesabu kuwa ruhusa ya kupuliza tina. Taa tumeiweka nje ya sanduku, inamulika kupitia kipande cha plastiki angavu, na kibatari hakikaribii kabisa. Kati ya sponji na feni tumeacha nafasi ya sentimita kumi. Bila nafasi hiyo, hewa huvutwa penye matundu manne tu, na pembe za sanduku hubaki zimekufa.

Wengi huunganisha kibanda na bomba refu linalotoka nje. Sisi tuliliacha. Feni hizi zina mwendo lakini hazina nguvu ya kusukuma. Bomba jembamba lenye kona mbili lingezinyonga. Tuliona heri kibanda kikae dirishani penyewe, ubao wenye feni uzibe dirisha zima, na hewa itoke moja kwa moja.

Na hapo ndipo tulipokutana na jirani. Dirisha lile linatazama ua wake, na uani mwake mama huyo huanika ndakala. Sponji huzuia matone ya rangi, haizuii mvuke. Je, tuutoe uchafu penye kitanda cha mtoto wetu tuupeleke juu ya samaki wanaolisha watoto wake? Mmoja wetu alisema kwamba nje upepo hutawanya kila kitu. Huenda ni kweli kwa ziwa zima, lakini si kweli kwa mkeka ulio mita nne kutoka dirishani.

Tulikwenda kumwamkia na kumweleza jambo lote kabla ya kuwasha feni hata mara moja. Alicheka kwanza kuhusu meli, kisha akaacha kucheka. Masharti yake yalikuwa mawili: tusipulize mikeka ikiwa imetandikwa, na tusilete kamwe rangi yenye harufu ya gereji. Tukakubali. Upepo nao ulikuwa na sharti lake. Alasiri hutoka ziwani na kuingia dirishani, ukirudisha ukungu chumbani; usiku hadi alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Kwa hiyo saa yetu ni saa kumi na mbili asubuhi, kabla ndakala hawajatolewa. Tuliokuwa tukilala mpaka jua kali tumejifunza kuamka.

Hewa ya kupulizia inatoka katika gurudumu la akiba la gari, tunalolijaza kwa pampu ya mguu. Halina kelele, wala halimwamshi mtoto. Ila mpira uwe ndani ya tairi lake na rimu yake. Mpira mtupu ukijazwa hivyo utapasuka.

Siku ya majaribio hatukuwa na rangi karibu. Tuliwasha dawa ya mbu, tukaishika mbele ya uwazi, tukaona moshi ukiinama na kuingia sandukuni. Kwenye pembe ya juu kushoto ulisitasita. Tuliziba ufa wa ubao kwa gundi na karatasi, nao ukafuata wenzake. Hakuna mashine ya kupimia iliyotufurahisha kama uzi ule wa moshi.

Liemba sasa ina matabaka matatu meupe sehemu ya juu, na vichwa vya misumari bado vinahesabika. Sponji ya kwanza tulipoitoa ilikuwa nyeupe upande mmoja na njano, rangi yake ya asili, upande wa pili. Tulimpelekea baba mdogo. Aliigeuza mikononi kwa muda mrefu bila neno. Kisha akatuuliza kama tunaweza kwenda Jumamosi kupima dirisha la gereji yake ya zamani, ambamo vijana wanne wa umri wetu wanapuliza mpaka leo.