Dari Lililoningoja Minneapolis

Niliitwa Marekani kutembea. Ndivyo kaka alivyosema aliponitumia tiketi ya Dar es Salaam hadi Minneapolis kupitia Amsterdam, akanisifia maziwa yanayoganda mpaka watu wanaegesha magari juu ya barafu. Habari ya kazi aliibakiza hadi tulipokuwa ndani ya gari, tumetoka uwanja wa ndege, vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi ya Februari.

"Mdogo wangu, wewe si umefanya kazi na mafundi wa jipsamu Sinza? Basi kuna dari linakungoja."

Nyumba nyingi za huko zina chumba kizima chini ya ardhi. Wenyewe wanaita besimenti. Asili yake ni hiyo hiyo baridi. Udongo ukiganda huvimba na kuinua kilicho juu yake, kwa hiyo sheria ya ujenzi ya Minnesota inataka msingi ushuke inchi 42 upande wa kusini, Minneapolis ikiwemo, na inchi 60 upande wa kaskazini. Mtu akishachimba hivyo, haoni hasara kuongeza kina kidogo apate chumba. Kaka alikuwa ameweka humo projekta ya mtumba, spika na sabufa kubwa. Juu ya sabufa kuna sakafu ya mbao, na juu ya sakafu kuna kitanda cha shemeji, muuguzi wa zamu za usiku ambaye hulala mchana. Ugomvi ulianzia hapo.

Kwetu Manzese mwenye kibanda umiza cha filamu huelekeza spika nje makusudi, mlio wa ngumi umwite mpita njia. Huku nilitakiwa kuufungia mlio huo huo ndani, tena kwa hela za mawazo.

Dukani kaka alikwenda moja kwa moja kwenye sponji nyeusi zenye vichuguu. Nilimkumbusha studio za mtaani kwetu, zilizobandikwa trei za mayai ukuta mzima, na bado majirani wanakijua kiitikio kabla wimbo haujatoka. Sponji hupunguza mwangwi mle ndani, basi. Haizuii sauti kutoka. Sauti huzuiwa na uzito, na kutogusana kwa vitu, na kuziba nyufa. Tukazirudisha.

Kuta hatukuzigusa. Ni zege, na nyuma yake kuna udongo wa Minnesota uliotolewa bure. Hela yote ilikwenda kwenye dari na mlango, na mpaka leo naona mwenye mfuko mwembamba hana ramani bora kuliko hiyo.

Katikati ya boriti tulijaza sufi ya kioo ya kawaida, ile inayowasha shingoni siku nzima. Ile ya mawe ni ghali zaidi na faida yake ya ziada hapo ni ndogo. Kisha tukafunga klipu zenye mpira kwenye boriti, na juu ya klipu reli nyembamba za bati, ili jipsamu ining'inie bila kugusa mbao za nyumba. Hapa ndipo fundi wa kweli anapojulikana: skrubu moja ndefu ikipita reli ikauma boriti, mtikisiko umepata daraja na mpira wote umekuwa pambo. Nilipima urefu wa kila skrubu mpaka kaka akachoka kunisubiri.

Bodi moja ya futi nne kwa nane, unene wa inchi 5/8, ina karibu kilo 32. Tulikodi mashine ya kunyanyulia, yenye magurudumu na usukani wa kuzungusha. Unailaza bodi, unazungusha usukani, inapanda taratibu mpaka puani pa reli. Sinza tungeita vijana wanne na kelele nyingi. Tuliweka matabaka mawili, na kati yake gundi iitwayo Green Glue, isiyokauka ikawa ngumu. Mtikisiko ukifika hapo husuguana na kuishia kuwa joto kidogo. Pembeni tuliacha upenyo mwembamba tukauziba kwa silikoni laini. Hesabu ya nyufa inatisha: tundu lenye asilimia moja tu ya ukuta huufanya ukuta wowote, hata wa chuma, usizuie zaidi ya desibeli 20.

Mlango tuliupata kwenye duka la mitumba la Habitat for Humanity, mbao tupu ndani, mzito wa kukutoa jasho kwenye theluji. Kaka alizima taa, akaingia na tochi, nami nikapiga magoti nje kutafuta mwanga. Ulipopenya tukaongeza mpira. Kilichobaki ni bomba la bati la hewa moto, lililotoka besimenti na kunyooka hadi chumbani kwa shemeji kama simu ya makopo. Tuliweka bomba laini lenye sufi, likipinda mara mbili ndani ya sanduku la mbao.

Siku ya mapumziko kaka alinionyesha jengo la Orfield Laboratories, ambalo chumba chake kiliingia kitabu cha Guinness mwaka 2004 kwa ukimya wa desibeli 9.4 chini ya sifuri. Microsoft ilikipiku mwaka 2015. Kanuni ni ile ile ya dari letu, chumba ndani ya chumba kisichokigusa. Tofauti ni mfuko.

Jaribio lilifanyika shemeji akiwa amelala kitandani, macho wazi. Maneno ya waigizaji hakuyasikia hata moja. Sabufa aliisikia. Wimbi la sauti ya hezi 40 lina urefu wa mita nane na nusu. Jipsamu mbili hulipunguza, hazilimalizi. Kaka akaanza kuulizia bei ya tabaka la tatu.

"Shemeji," akaniambia mimi, si mumewe, "kitufe cha kuzima sabufa kina bei gani?"

Walikubaliana: mchana wa siku za zamu sabufa inazimwa, filamu za vita zinangoja siku zake za mapumziko.