Tumbawe Ukutani

Kuta za Mji Mkongwe zilianza baharini. Viumbe wadogo wa matumbawe huchota chokaa majini wakajijengea maskani. Wafapo, maskani hubaki, yakashikamana na mchanga na makombe hata yakawa mwamba. Bahari iliposhuka, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, mwamba ukaachwa juu: ndio uwanda wa Unguja.

Waashi wa zamani waliligeuza jiwe hilo tena. Walilichoma tanuuni juu ya magogo, moto ukalitoa hewa yake ya ukaa. Wakalizima kwa maji, likawa chokaa laini. Ukutani, chokaa hiyo hunyonya hewa ileile polepole, miaka nenda miaka rudi, mpaka ikarejea kuwa jiwe.

Kazi hiyo haimfai mwenye haraka, na hapo ndipo ilipopenya saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, tena haipumui. Unyevu na chumvi hufungiwa ndani, vikalila jiwe nyuma ya lipu iliyonyooka vizuri. Mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hati, hata hivyo, haizuii maji. Fundi hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza panapoitika utupu.