Daftari la likelemba na vumbi la Kolwezi



Anayeishi Kolwezi wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa vumbi ni nini. Unafagia asubuhi, saa sita mchana mtoto anaandika jina lake kwa kidole juu ya meza. Unaanika shuka nyeupe, unaanua shuka ya rangi ya matofali. Mwezi uliopita tulijifunza kwamba vumbi hilo linaingia hata ndani ya kompyuta. Tulijifunza pia kwamba kompyuta ina uchafu mwingine usioonekana kwa macho, na huo nusura utuvunjie kikundi.

Sisi ni watatu wa kamati: mama mwenyekiti, mama wa kashia, na mwalimu anayeshika kalamu hii. Kompyuta yetu inakaa nyumbani kwa mwalimu, huko Kapata. Ni ya okazyo, kama nyingi za hapa. Watoto wanaitumia kwa kazi za masomo, na sisi tunaandika humo likelemba: nani ametoa, kiasi gani, zamu ni ya nani. Wamama 24, kila juma.

Mwezi wa saba ilianza kwenda polepole kama lori la madini linalopanda mlima. Siku moja, tukiwa kwenye intaneti, likatokea tangazo jekundu: kompyuta yenu ni chafu, bonyeza hapa isafishwe bure. Tulibonyeza. Kila ilipouliza, tulijibu ndiyo. Ilifuta vitu vingi, na baadaye tukaona kwamba picha zetu za Machi 8 zimekwenda navyo.

Halafu tulipeleka flashi yetu mahali fulani kutoa fotokopi. Iliporudi, kila folda imegeuka kapicha kenye mshale mdogo, na daftari la likelemba halionekani. Hatukuwa na kopi nyingine. Daftari la karatasi tulikuwa tumeliacha tangu mwezi wa tano, tukijiona tumeendelea.

Jumamosi kwenye mkutano mama mmoja aliuliza, "Sasa ni ordinatere ndiyo inakula franga yetu?" Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Zamu ilikuwa ya mama mwenye watoto wawili sekondari, na masomo yalikuwa karibu kufunguliwa. Hakusema neno. Alimtazama mama wa kashia, kisha akatazama chini.

Jumatatu tukaingia taksi kwenda mjini, mama mwenyekiti amepakata kompyuta ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Njiani mnaijua hali: vilima vya mabaki ya migodi, malori yanayofuatana, majani ya miti yaliyobadilika rangi. Mwalimu akawaeleza wenzake jambo analowafundisha wanafunzi: kobalti inayotoka katika ardhi hii inaingia katika betri za simu na kompyuta, na nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Shaba nayo imo katika nyaya zake. Mama mwenyekiti akaangalia mzigo wake, akasema, "Kumbe huyu ni mtoto wa hapa. Alienda ng'ambo, amerudi mzee."

Duka la kwanza, fundi hakuuliza hata tuna shida gani. "Tunaformata yote, pamoja na flashi. Mtachukua kesho." Kuformata ni kama kuchoma shamba: magugu yanaisha, na mihogo pia. Mama wa kashia alinyakua flashi yake, tukatoka.

Karibu na soko tulimkuta kijana aliyewahi kusoma kwa mwalimu. Alitupa viti kwanza. Kisha akauliza, "Mama mwalimu, kopi iko wapi?" Tulinyamaza. Alitikisa kichwa, akafungua flashi kwa kompyuta yake inayotumia Linux, ambayo virusi hivyo vya Windows haviiwezi. Mafaili yote yalikuwepo! Virusi vilikuwa vimeyaficha tu, kama kuku chini ya kikapu. Tungebonyeza vile vipicha vya mshale, tungezidi kuvisambaza. Tungekubali kuformata, kazi ya miezi mitatu ingepotea kweli.

Picha za Machi 8 hazikurudi. Alizitafuta kwa muda mrefu, lakini mahali pake palikuwa pameshaandikwa vitu vingine. Kati ya hizo ilikuwemo picha ya mwisho ya mwenzetu tuliyemzika baada ya Pasaka. Hilo bado linatuuma.

Tulikaa kwake hadi jioni, na tuliyojifunza tunawaletea kwa mpangilio.

Kwanza, kopi kabla ya kusafisha. Weka vitu vyako mahali pengine pawili, na pamoja pawe nje ya nyumba yako. Hakuna mkulima anayeweka mbegu zote katika gunia moja.

Pili, kutafuta virusi. Windows 10 na 11 zina mlinzi wao wa bure, Microsoft Defender. Kwa nyumba nyingi anatosha, mradi asasishwe. Mwambie akague kompyuta nzima usiku mmoja, na akague kila flashi inayotoka nje kabla hujaifungua.

Tatu, kupunguza mizigo. Ondoa programu usizotumia, na faili za muda ambazo Windows yenyewe inakuonyesha katika mipangilio ya hifadhi. Ukitaka msaada, kuna BleachBit, programu ya bure ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyakagua. Weka alama tu pale unapoelewa. Usiguse sehemu ya maneno ya siri. Na zile programu zinazodai kusafisha "rejista" ya Windows, ziache kabisa.

Nne, bure si lazima salama. Mwaka 2017 wadukuzi waliingiza virusi ndani ya CCleaner, programu ya kusafisha iliyojulikana sana, na zaidi ya watu milioni 2 walipata toleo hilo. Kama mlango mkubwa unaweza kuingiliwa, itakuwaje tangazo jekundu? Chukua programu kwenye ukurasa wa wenyewe tu. Megabaiti ni ghali, basi mmoja wetu achukue mara moja, wengine tugawane kwa flashi iliyokaguliwa. Na badala ya Ofisi ya wizi iliyovunjwa kufuli, tumia LibreOffice. Ni bure, ni halali, inafungua faili za Word na Excel.

Tano, vumbi lenyewe. Zima kompyuta, chomoa waya, toa betri kama inatoka. Tumia brashi laini mpya na kavu kwenye matundu ya hewa. Fundi akifungua ndani, azuie feni kwa kidole isizunguke. Usitumie kitambaa kilicholowa. Feni ya kwetu ilitoa vumbi jekundu la kujaza kijiko, na joto lake ndilo lilikuwa sehemu ya ule ugonjwa wa polepole.

Sita, umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapa karibu juu ya mto Lualaba tangu miaka ya 1950, lakini sote tunajua giza la usiku. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja kidogo kabla ya kuchomeka. Kama kikundi kina uwezo, stabilizatere ni bei ndogo kuliko kompyuta.

Mwisho, kwa mashini za zamani: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kijana wetu alitupatia Linux Mint ndani ya flashi, tukaijaribu bila kugusa kitu. Ina menyu za Kifaransa, nayo ni bure. Tulipoipenda, tukaiweka moja kwa moja, baada ya kopi mbili. Mzee wetu sasa anawaka haraka kuliko alivyokuja.

Jumamosi iliyofuata tulisoma orodha yote kwa sauti, jina kwa jina. Mama mwenye zamu alipokea fedha zake mbele ya wote, na watoto wake wako darasani. Yule aliyeuliza kuhusu franga alikuja mwenyewe kumsalimu mama wa kashia kwa mikono miwili.

Sasa daftari liko kwenye kompyuta Kapata, kwenye flashi kwa mama wa kashia, na kwenye karatasi kwa mama mwenyekiti, kwa bic ya bluu. Jumamosi hii kila mama mwenye flashi aje nayo. Tutazikagua moja moja kabla ya kikao, kama tunavyonawa mikono kabla ya bukari.