Mtumishi Anayekataa

Kukataa si uovu daima. Mtumishi anayetii kila neno aambiwalo hupendwa na wengi, lakini huweza kumpoteza bwana wake. Yule asemaye, "Neno hili silifahamu," huudhi kwa saa moja na huokoa kwa miaka mingi. Hukumu hii, ambayo watu waliijua juu ya wanadamu, imethibitika juu ya mashine pia.

PostgreSQL, hifadhidata iliyotokana na kazi aliyoiongoza Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu mwaka 1986, ilikuwa mtumishi wa namna ya kwanza. Ilipopewa namba na maandishi ivilinganishe, iligeuza namba kuwa maandishi kwa siri, ikatoa jibu. Mwezi wa Februari 2008 lilitoka toleo la 8.3, na desturi hiyo ikakomeshwa. Maswali yaliyokuwa yakijibiwa siku zote yakarudishwa na kosa: namba na maandishi havilinganishiki. Manung'uniko yakawa mengi. Ilidhaniwa kuwa toleo jipya limeharibu kazi; kumbe limefichua uharibifu.

Mfano wake ni huu. Daftari la wanafunzi limeweka nambari ya usajili kama maandishi, 0457. Daftari la ada limeiweka kama namba, 457. Jicho la binadamu huona mtu mmoja. Ulinganisho wa maandishi huona wawili. Mwanafunzi aliyelipa huonekana hakulipa, na hapana kengele iliayo. Vivyo hivyo, aliyeandika tarehe 2017-11-17 pasipo alama za kunukuu aliandika hesabu ya kutoa, ambayo jawabu lake ni 1989; tarehe ya leo ikapimwa na 1989, tarakimu kwa tarakimu, na jibu likapokewa kama kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Dawa ni nyepesi kuandika, nzito kuchagua. Amri ya CAST hugeuza aina kwa uwazi. Lakini anayegeuza namba kuwa maandishi ili kosa liondoke tu, huurudisha ugonjwa ule ule kwa mkono wake: 457 haitakuwa 0457. Anayegeuza maandishi kuwa namba hupata jibu, ila siku nambari moja ikiingiwa na herufi, swali zima litakwama. Tena faharasa ya safu iliyogeuzwa haitumiki, na utafutaji hukawia.

Tiba ya shina ni kuuliza kitu chenyewe ni nini. Nambari ya usajili haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lililovaa tarakimu. Na iwe maandishi katika madaftari yote mawili, sufuri zake zikirudishwa kwanza. Ada hujumlishwa, hiyo ndiyo namba.

Kazi hii huchosha, na msimamizi hasifiwi kwayo. Mwanafunzi aliyelipa hatajua kamwe kuwa alikuwa karibu kuhesabiwa mdaiwa. Ataingia katika chumba cha mtihani pamoja na wenzake, aandike, aende zake.