Tapeti Zinazolia

Sisi tunaosoma sana tunapenda kimya cha wazee. Tunakiita busara. Mimi kimya kilinifundisha jambo jingine, na kilinifundishia ndani ya injini.

Baba alikuwa na Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, ile ya mgongo wa kobe, injini nyuma. Korogwe nzima ilijua akitoka kazini: ta-ta-ta-ta, kama cherehani kuukuu. Nilikuwa kidato cha tano, nimeanza kusoma riwaya na kuona aibu kwa kila kitu. Akinipeleka shule nilimwomba anishushe mbali na geti.

"Ni tapeti tu," alikuwa akisema. "Zinaongea."

Likizo moja, akiwa ameshanifundisha kuendesha, alinituma nikazibe pancha. Nikapitia kwa fundi wa kando ya barabara, si yule wa Baba, nikamwambia: niondolee hii kelele. Hakuuliza kitu. Injini ilikuwa bado ya moto. Alifungua vifuniko viwili vya pembeni, akakaza skrubu moja baada ya nyingine mpaka zikanyamaza, akachukua hela yake. Baba alisikiliza gari likiingia uani, akaguna. "Haya. Limekuwa gari la waziri."

Wiki chache baadaye shangazi alifariki Lushoto. Tulitoka alfajiri. Pale Mombo, mlima ulipoanza, gari likaanza kuchoka. Kabla ya Soni lilikuwa linatetemeka, linavuta kama limebeba mawe. Tukaliacha kando, tukasubiri basi. Tulifika watu wameshatoka makaburini. Baba alisimama mbele ya kaburi la dada yake na vumbi la barabarani bado mabegani.

Fundi wake alipofungua silinda hedi alinionyesha valvu ya ekzosi. Ukingo wake ulikuwa umemegeka, kama sahani iliyong'atwa.

"Unaona, mwanangu? Kati ya roka na mkia wa valvu lazima pawe na nafasi. Gari hili ni milimita 0.15, na unapima injini ikiwa baridi kabisa." Akanipa fila, kile kibati chembamba chenye namba, hakikuzidi sana unene wa karatasi. "Chuma kikipata moto kinatanuka. Usipokiachia nafasi, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake. Na ni pale inapokaa ndipo inapopoa. Isipokaa, moto unapita pembeni yake, inaungua taratibu. Na haipigi kelele hata kidogo."

Nikauliza, kwa hiyo kelele ni nzuri? Akacheka. Nafasi ikizidi nayo ni hasara: vyuma vinagongana vikaliwa, valvu haifunguki vya kutosha. "Lakini inayolia imekuita. Unakuja, unapima. Ile iliyonyamaza bila kupimwa ndiyo ya kuogopa."

Kisha akainamia zile skrubu, akaona alama mpya za bisibisi. "Mwalimu, hapa nani kagusa?"

Moyo ukanipasuka. Baba hakunitazama.

"Mimi," alisema.

Hatukulizungumza tena. Sikugombezwa, sikuulizwa. Kwa miaka mingi niliuita ule uungwana, na ulikuwa uungwana kweli. Lakini tangu siku ile kati yetu pakawa hapana kelele. Salamu, ada, shikamoo, marahaba. Kila kitu kilikazwa kikatulia, na hakuna aliyechukua fila apime.

Gari langu la sasa halina skrubu za kukaza. Tapeti zake hujazwa mafuta ya injini na kujirekebisha zenyewe. Mwaka jana asubuhi moja nililiwasha likaanza: ta-ta-ta-ta. Nilikaa kwenye usukani nikashindwa kuondoka. Nikampigia Baba simu, nikaisogeza karibu na boneti asikie.

"Shikamoo Baba. Unasikia?"

"Marahaba. Nasikia, tapeti hizo."

"Baba, wakati ule wa msiba wa shangazi… zile tapeti nilizikazisha mimi."

Akakaa kimya kidogo. Injini ikaendelea kulia.

"Nilijua," alisema. "Nilitaka sana kumzika dada yangu." Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilalamika mbele yangu. Halafu akakohoa. "Sasa hebu niambie, oili umebadilisha lini?"

Nilikuwa nimepitiliza miezi minne. Aliponigombeza, alinigombeza kweli, mpaka salio likaisha.